Bethdei ya binti yangu: niombe michango ya hisani badala ya zawadi, au nitamkosea?

Mama_Kiranja
Wakuu habari za mchana. Naombeni ushauri, hasa ninyi mliolea.

Binti yangu anatimiza miaka 7 mwezi ujao, tutaalika wenzake kama 15. Mwaka jana alimaliza kufungua zawadi zote mishumaa haijapoa. Anachana karatasi, anatupia jicho, anasukuma pembeni, "nyingine iko wapi?" Juzi nafagia chini ya kitanda chake nikakuta mdoli ungali kwenye boksi, umefungwa na vile vijiwaya vyake, haujawahi kutolewa. Nikakaa sakafuni na fagio langu, aibu imenijaa.

Sasa nawaza kuandika kwenye mwaliko kwamba wageni wasilete zawadi, wachangie chochote kwa watoto wenye shida. Mume wangu hataki hata kusikia, anasema namdhulumu mtoto siku yake. Dada yangu anasema wazazi wenzangu wataniona najifanya mtakatifu. Mtoto mwenyewe bado sijamwambia.

Nawasilisha.

Baba Wanne
Dada, hiyo sentensi yako ya mwisho ndiyo jibu. Umeongea na mume, umeongea na dada, umekuja mpaka kwetu tusiokujua, mwenye siku yake hana habari.

Sisi tulifanya hivyo kijana wetu alipotimiza miaka 6, tena tukamwambia asubuhi ya sherehe. Akauliza, "Kwani nimekosa nini?" Tukatazamana na mama yake. Wageni wakatia pesa kwenye boksi, boksi likaondoka, yeye hakujua limeishia wapi. Leo ana miaka 11 na bado anaiita bethdei ya adhabu.

Kalamu Butu
Kutoa ni moyo usambe ni utajiri. Mfundishe angali mdogo, atakushukuru.

Mtu Kati
Mkuu Kalamu, kutoa ni moyo sawa, ila hapo ni moyo wa nani? Mama kaamua, wageni wametoa, mtoto kakosa. Sifa anapata mama.

Mwalimu wa Zamu
Mtoto mdogo anaweza kabisa kufurahia kutoa, tusimdharau. Mwaka 2012 watafiti Lara Aknin, Kiley Hamlin na Elizabeth Dunn walichapisha utafiti wa watoto ambao hata miaka 2 hawajafika. Walipewa vitafunwa, kisha wakamgawia mwanasesere. Nyuso zao zilionyesha furaha zaidi wakati wa kutoa kuliko wakati wa kupokea, na zaidi ya hapo walipomega kwenye fungu lao wenyewe kuliko walipokabidhiwa kitu cha kupitisha tu. Sasa angalia mpango wako: pesa inatoka mfukoni kwa mtu mzima, inaingia kwenye boksi, inakwenda kwa mtu mzima mwingine. Mkono wa mtoto uko wapi?

Na kuhusu huo mdoli, usijilaumu sana wala usimwone binti yako hana shukrani. Chuo Kikuu cha Toledo kule Marekani kilichapisha mwaka 2018 utafiti wa watoto wa miezi 18 hadi 30. Wakiwekewa vitu 4 vya kuchezea walikaa na kila kimoja muda mrefu na kubuni michezo mingi zaidi kuliko wakiwekewa 16. Wako ni mkubwa kidogo, lakini wageni 15 ni zawadi 15 kwa mkupuo. Hata mimi ningechanganyikiwa.

Shangazi Mkuu
Mimi niseme upande wa mgeni. Hakuna anayependa kuja mikono mitupu. Ukiandika "msilete zawadi", nusu wataleta, na waliokutii watasimama pale kama wamesahau kitu. Ukitaja kiasi ndiyo umeharibu kabisa: mwenye uwezo mdogo atambakiza mwanawe nyumbani, utaambiwa ana mafua. Boksi la pesa nalo lisikae mlangoni, hutozi kiingilio pale.

Halafu "wenye shida" ni akina nani? Chagua sehemu moja, piga simu, uliza wanahitaji nini. Mara nyingi ni kitu ambacho usingekiwaza. Na nakuomba mdogo wangu, usiende kuwapanga watoto wa watu na maboksi mikononi uwapige picha.

Msomaji wa Usiku
Kuna binti mmoja Marekani, mwaka 2011, alipotimiza miaka 9 aliomba watu wachangie maji safi kupitia shirika la hisani liitwalo charity: water badala ya zawadi. Alilenga dola 300, akapata 220. Mwezi uliofuata akafariki kwa ajali ya gari. Watu wakaendelea kuchangia kwenye ukurasa wake mpaka ikapita dola milioni 1. Uamuzi ulikuwa wake mwenyewe.

Shangazi Mkuu
Umeniliza mchana kweupe.

Mama_Kiranja
MREJESHO

Imepita Jumamosi. Nilimuuliza kwanza. Nilitegemea aseme watoto, akasema mbwa. Nikapigia simu kituo kinachookota mbwa na paka waliotupwa, wakasema wanataka taulo na mablanketi makuukuu ya kutandikia. Mwaliko tukauandika pamoja: "Zawadi si lazima. Ukiwa na taulo kuukuu, njoo nalo, tunawakusanyia mbwa." Zawadi ya bibi yake na yetu sisi zilibaki palepale.

Watoto waliingia na taulo makwapani, kila mmoja na historia yake. Hili la babu, hili liliungua na pasi. Kesho yake tulikwenda kukabidhi, yeye ndiye alibeba. Watatu walileta zawadi pia. Alizifungua usiku, moja moja, na ya kwanza aliichezea mpaka akasinzia.

Ila kuna jambo. Kwenye lundo akachomeka blanketi lake la uchanga, lile nililoliweka kabatini miaka yote. Nikanyoosha mkono nilitoe. Baba yake akanitazama tu. Nikaurudisha mkono.

Kalamu Butu
Na hujaenda kulifuata?

Mama_Kiranja
Nimepiga simu mara moja tu. Wamesema analilalia mbwa mzee.