Naomba ushauri: namna ya kupata maandishi ya unyago kwenye maktaba ya chuo

Wakutubi na watafiti wenzangu, naomba mnisaidie kutafuta maandishi kuhusu unyago wa pwani, hasa kazi ya somo na kungwi (wanawake walezi wa unyago) katika kumfunda mwari, yaani msichana anayechezwa unyago.

Kinachokwamisha ni katalogi. Ukiandika "unyago" peke yake unapata machache mno, maana vitabu vingi vimeingizwa kwa vichwa vya mada vya Kiingereza kama "initiation rites" na "sex role". Tena vimetawanyika. Kwenye mpangilio wa Library of Congress, unaopanga vitabu kwa herufi, vya jinsia na ndoa viko HQ, vya anthropolojia GN, vya historia ya Afrika DT. Kwenye mpangilio wa Dewey, unaotumia namba, itabidi upite 305.3, 305.4, 306.7 na 392. Ukikaa rafu moja tu, nusu ya habari inakupita.

Kuna pia tahajia. Waandishi wa Kijerumani wa enzi ya ukoloni waliandika "Suaheli", kwa hiyo utafutaji wa "Swahili" hauwagusi. JSTOR, hifadhi ya mtandaoni ya makala za kitaaluma, inakubali kuunganisha tahajia zote mbili kwa neno OR ("au"), lakini katalogi nyingine hukataa bila kusema kitu.

Ninachoomba: ni vichwa gani vya mada vimewapa matokeo mazuri? Tasnifu za zamani zilizopo kwa karatasi tu, mnaziombaje zikiwa chuo kingine? Na nyimbo za ndani, zile asizopaswa kuzisikia asiyechezwa unyago, mnazinukuu vipi bila kuwavunjia heshima wenyewe?