Wahasibu wa Mwanza na picha za wasifu: studio, simu, au akili mnemba?

LejaNyekundu (mwenye uzi)

Mwangaluka wakuu. Nisaidieni kabla sijachezea hela ya ofisi.

Niko kwenye ofisi ndogo ya uhasibu hapa mjini, tuko saba. Bosi anatengeneza tovuti na anataka picha ya kila mtu, "ya kikazi, siyo ya harusini". Zilizopo ni aibu. Mmoja kajikata kwenye picha ya harusi ya dada yake, vidole vya shangazi bado viko begani. Mwingine kavaa jezi. Kazi nimeangushiwa mimi kwa kuwa ndiye mdogo. Bajeti ni 150,000 kwa wote, mwisho Ijumaa.

Nimeulizia hivi. Studio mjini wanataka 15,000 kwa kichwa, picha mbili zilizosafishwa. Mpiga picha wa kuja ofisini kasema 120,000 kwa wote, nusu siku. Halafu kuna zile huduma za akili mnemba za kulipia: unapakia picha zako kumi au ishirini, unasubiri, unaletewa makumi ya picha umevaa suti. Nyingi nilizoziona zinacheza kwenye dola thelathini hivi kwa mtu mmoja. Na kuna za bure, unaipa selfi moja unaiambia ikuvalishe koti.

Jana usiku nilijaribu moja ya bure, jina naliacha. Suti imenikaa kuliko suti zote nilizowahi kuvaa. Lakini nimeng'arishwa, na mwanya wangu umezibwa. Nikamwonyesha mama. Kaishika simu kwa muda, kaisogeza mbali, kaisogeza karibu, akauliza: "Huyu ni wa kwa baba yako mkubwa?"

Tulinganishe wakuu. Mods msiuunganishe huu uzi na ule wa CV.

Kokoto_la_Bismarck

Wa kwa baba mkubwa 😂😂 Nimecheka mpaka bodaboda kageuka.

Mizania_Nyegezi

Wewe ni mhasibu, piga hesabu kwanza. Dola 30 mara saba ni 210. Ukizidisha kwa kiwango cha benki umeshavuka laki tano. Studio saba mara 15,000 ni 105,000. Kwa hiyo hapa kwetu akili mnemba ya kulipia ndiyo ghali kuliko zote, tena kwa mbali!

Yale matangazo yanayosema "okoa gharama za studio" yanalinganisha na studio za Marekani, ambako mpiga picha anaweza kukudai mamia ya dola kwa kikao kimoja. Hesabu ya kwao ni sahihi, ila si yetu. Imebaki ya bure, na ya bure mama ameshaikataa.

KodiSioYaTRA

Kabla hamjaendelea, kodi ninayoandika mimi ni ya kompyuta, msinitumie maswali ya ritani.

Watu wanadhani ile programu inachukua kichwa chako na kukibandika kwenye suti. Sivyo. Kwa kawaida inaanza na chengachenga tupu, kama tivii ya chogo isiyoshika stesheni, halafu inazisafisha hatua kwa hatua mpaka sura itokee. Kila hatua inakisia kwa kawaida pale hukaa nini. Kwenye picha ilizofundishiwa, meno mengi yamebanana. Basi inabananisha na yako. Haijui kwamba mwanya ni mahari.

Zile za kulipia zinajitahidi zaidi kwa sababu kwanza zinafundishwa sura yako. Mbinu maarufu ya kazi hiyo ni DreamBooth, waliyoitoa watafiti wa Google na wenzao mwaka 2022, na wao walionyesha kwamba picha tatu mpaka tano za kitu kimoja zinaweza kutosha. Shida ni unachoilisha. Mimi nililipia moja mwaka jana kwa kadi ya mtandao ya M-Pesa, nikaipa picha kumi na mbili, nane kati ya hizo zimepita kwenye filta. Ikajifunza filta. Katika picha arobaini nilizoletewa, za kumtumia mteja zilikuwa mbili. Nyingine kola imeota ndani ya shingo, na kwenye moja miwani ina mkono mmoja.

Kuhusu kung'arishwa, hilo ni la zamani kuliko hizi programu. Mwaka 2018 Joy Buolamwini na Timnit Gebru walipima mifumo mitatu ya kampuni kubwa inayotambua jinsia kwa kuangalia uso. Kwa wanaume weupe, makosa hayakuzidi asilimia 0.8. Kwa wanawake weusi yalifika asilimia 34.7. Hiyo ni kazi tofauti na kuchora picha, lakini mzizi unafanana: mashine inajua walivyo wale iliyowaona kwa wingi.

BintiKirumba

Mimi navaa hijabu, nimejaribu programu tatu. Ya kwanza ilinitolea nywele kwa mbele, nywele ambazo hata mume wangu hajawahi kuziona, maana si zangu. Ya pili ilinifunga kilemba cha shughuli, nikawa kama nakwenda kutunza. Ya tatu ilinielewa nilipoandika hivi, nakili kama unataka: "Usiguse uso, ngozi, meno wala hijabu. Badilisha ukuta wa nyuma tu, uwe wa kijivu."

Nimegundua kitu. Ukiiambia "nifanye nionekane mhasibu" unaipa ruhusa ya kukubuni upya, na mhasibu wake ni mtu wa ghorofa la arobaini, nyuma vioo na magorofa ya New York. Ofisi yetu iko juu ya duka la mbolea.

Nansio_Hesabu

Mnaongea kama kila mtu anakaa karibu na studio. Mimi niko Ukerewe. Nipande meli masaa matatu kwenda, nilale Mwanza, nipande tena kurudi, kisa picha ya kichwa? Nauli na gesti tu zinazidi hiyo 15,000.

Nilisimama dirishani kwa shemeji, ukuta wa rangi ya maziwa, akanipiga kwa simu yake. Shati langu, tai yangu. Programu ya bure nikaitumia kuondoa swichi na waya wa antena nyuma, basi. Iko LinkedIn hadi leo na nimepata mteja wa Dar ninayemtunzia vitabu kwa mbali. Tulipoongea kwa video hakushtuka. Tusiitukane sana hii teknolojia, wengine imetuvusha ziwa.

PichaMakoroboi

Natangaza maslahi: napiga picha, ndio ugali wangu. Lakini huyu wa Nansio kapatia, simpingi.

Kwa atakayepiga kwa simu, sikilizeni. Mwanza tuko nyuzi mbili na nusu tu kusini mwa ikweta, saa sita jua liko utosini. Ukipiga nje muda huo macho yanaingia shimoni. Piga asubuhi, ndani, mtu asimame hatua moja au mbili kutoka dirishani, uso ukielekea kwenye mwanga, na uzime tyubulaiti isije ikachanganya rangi. Tumia kamera ya nyuma. Kaa mbali kidogo, mita mbili hivi, uvute kwa kuzoomu mara mbili. Ukimsogelea na selfi pua inakua, na watu wanasema "mimi sitokei vizuri" kumbe ni umbali.

Na hili ndilo linalowaangusha wahasibu: shati jeupe. Simu ikiona weupe mwingi inapunguza mwanga, uso mweusi unazama, halafu mnakwenda kuomba akili mnemba iwang'arishe. Gusa uso kwenye kioo cha simu, ipime hapo, ndipo ubonyeze. Au vaa bluu ya bahari. Kwa macho yangu, nusu ya kazi wanayoipeleka kwa mashine ni kurekebisha hilo shati.

Mizania_Nyegezi

Leo nimejua kwa nini kitambulisho changu cha kazi kina shati tu.

Mkaguzi_Mstaafu

Vijana, salaam. Nimewasoma wote.

Kanuni za maadili za taaluma yetu zina misingi mitano: uadilifu, kutopendelea, umahiri na uangalifu, usiri, na mwenendo wa kitaaluma. Kwenye uadilifu, mhasibu hatakiwi kuhusishwa kwa kujua na taarifa inayopotosha. Sisemi koti la kuchorwa ni shauri la kufikishwa NBAA, bodi yetu ya wahasibu. Nasema mteja anaingia na boksi lake la risiti za EFD, zile za mashine ya kodi, anamtafuta mtu aliyemwona kwenye tovuti, na huyo mtu hayupo. Ukaguzi nimeufanya miaka mingi. Ukifika ghalani, kitu cha kwanza ni kuangalia kama kilichoandikwa kwenye leja kipo kwenye rafu.

La pili, na hili ni lako LejaNyekundu. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi, Na. 11 ya 2022, imeanza kutumika 1 Mei 2023. Taarifa za kibayometriki imeziweka kundi la taarifa nyeti, pamoja na miamala ya fedha ya mtu, ambayo sisi tunaijua vizuri. Umekabidhiwa nyuso za watu sita wengine. Umewauliza kama wanakubali zipakiwe kwenye seva iliyoko nchi usiyoijua, zikafundishie mashine? Bosi akisema "fanya", hiyo ni amri yake, siyo ridhaa yao.

LejaNyekundu

Shikamoo mzee. Sikuwauliza. Wala haikunipitia akilini.

Mkaguzi_Mstaafu

Marahaba. Waulize kesho, tena uandike walivyojibu.

Kokoto_la_Bismarck

Mzee anataka hadi vocha ya nyuso.

LejaNyekundu

Mrejesho, Jumatano. Nimewauliza wote sita wakati wa chai. Wanne wamesema hawajali. Mama wa masjala kasema sura yake isitoke nje ya ofisi "hata kwa mkopo". Na fundi wetu wa kodi, mtu asiyeongea, kauliza swali moja tu: "Wakinifuta kovu?" Ana kovu juu ya nyusi, la utotoni, la ndoano. Wateja wa soko la Mwaloni wanamtambua kwa hilo, wakipiga simu wanasema tupe yule wa kovu.

Basi nimeachana na za kulipia, na zile za bure za kuvalishana suti. Mpiga picha anakuja Ijumaa saa mbili asubuhi, 120,000, tumekubaliana dirisha la mashariki, upande wa chumba cha mafaili. Iliyobaki 30,000 nimewaazimia makoti mawili, moja la kike moja la kiume, yatazunguka. Ukuta wetu una alama ya maji ya mvua, huo nitausafisha kwa programu nikitumia maneno ya BintiKirumba, kwa wale wanne pekee. Mama wa masjala na wa kovu tutawahamishia mlango wa mbao, huko hakuna cha kusafisha.

PichaMakoroboi, swali: hilo koti la kiume ni kubwa kwa watu watatu. Tunafanyaje?

PichaMakoroboi

Vibanio vya nguo, vinne. Kusanya kitambaa chote mgongoni ubane. Mbele linakaa kama limeshonwa kwa kipimo, ila mwambie asigeuke.