Mtoto kaungua miguu yote miwili, maelezo ya nyumbani hayaniingii akilini. Nesi nifanyeje?

nesi_wa_kijijini:

Habari za jioni wakuu, naombeni ushauri hasa mlio kwenye afya au ustawi wa jamii. Mimi ni nesi kwenye zahanati moja huku vijijini Dodoma, wilaya naomba nisiitaje. Kaletwa mtoto wa kiume, miaka miwili na kitu, kaungua maji ya moto miguu yote miwili, bibi yake anasema alikanyaga mwenyewe beseni la maji ya kuoga. Sasa kile kidonda ndo kinaninyima usingizi, kimeishia juu kidogo ya vifundo, miguu yote sawasawa, mpaka wa kidonda umenyooka kama kavaa soksi, hakuna hata tone lililorukia gotini. Mtoto akikanyaga maji ya moto si anaruka, anaanguka, anajimwagia? Halafu wamemleta kesho yake.

Alikuja na dada yake wa kama miaka sita hivi. Mimi Kigogo nadakia dakia tu lakini mhudumu wetu anasema yule binti alisema mdogo wake alikojoa kitandani, bibi akamkatisha hapo hapo.

Nimemwambia mfawidhi, jibu lake ni tutibu kidonda, mambo ya ndani ya watu tuwaachie wenyewe, tunaishi nao hapa. Na ukweli hiyo familia ni ndugu wa damu na mwenyekiti wa kitongoji. Kila siku wanamleta kusafisha kidonda, mimi namwangalia bibi, bibi ananiangalia. Nikiwasingizia je? Na nikikaa kimya?

Tabibu Mzee:

Mdogo wangu hujakurupuka. Hiyo uliyoieleza, miguu miwili sawa, mpaka ulionyooka, hakuna michirizi ya maji kuruka, ni picha ya mtoto aliyeshikiliwa ndani ya maji, tunafundishwa vyuoni kabisa. Na umri wenyewe ndio ule wa kufundishwa choo, watu wazima wengi hasira zinawapanda hapo kwenye kukojoa na kujisaidia ovyo. Kuchelewa kumleta nako ni alama, ingawa huku kwetu mtu anaweza kuchelewa kwa sababu hana nauli, kwa hiyo peke yake isikupeleke mbali.

Ila kazi yako siyo kujua nani kafanya. Wewe si mpelelezi wala hakimu. Andika. Pima kidonda kinaanzia wapi kinaishia wapi, chora hata kamchoro ka mguu kwenye faili, andika tarehe na saa aliyoletwa, na saa ambayo bibi anasema aliungua. Mvue nguo zote umwangalie mgongo, masikio, shingo, makalio, ndani ya mdomo. Michubuko ya magotini na kwenye paji la uso mtoto anayetembea anaipata kila siku, ya masikioni, shingoni au tumboni haiji kirahisi hivyo, na kichanga ambaye hata kutambaa hajaanza ukimkuta na mchubuko wowote shtuka. Maneno ya bibi yaandike kama alivyoyasema, ya yule binti vilevile, kama ni Kigogo yaandikwe kwa Kigogo na jina la aliyekutafsiria liwepo. Usiandike "mtoto ameteswa". Andika kidonda hakilingani na maelezo, basi. Na yule binti usimhoji zaidi, kila akiulizwa upya maneno yanabadilika, mwisho wa siku wakili anayachana mahakamani.

mkazi_area_c:

Samahani mimi sio wa afya ila manesi nanyi mjiangalie. Jirani yetu alizungushwa kwa sababu mwanae ana mabaka ya bluu makalioni, kumbe kazaliwa nayo. Yule mama alilia wiki nzima na mtaa mzima ulishamhukumu.

Tabibu Mzee:

@mkazi_area_c hilo la kweli na linatokea sana, yale mabaka watoto wetu wengi wanazaliwa nayo na yanafifia wanavyokua, ndo maana kadi ya kliniki iangaliwe, yaandikwe tangu mtoto mchanga. Kuna vidonda vya bakteria vya ngozi vinafanana na kuchomwa sigara. Kuna chale za mganga, kuna waliokatwa kimeo, kuna waliong'olewa "meno ya plastiki", hayo yanaumiza watoto vibaya ila aliyeyafanya alidhani anatibu, mazungumzo yake ni tofauti. Lakini jirani yako aliumizwa na mtaa kujua, siyo na nesi kuuliza. Taarifa inaenda kwa mhusika mmoja, haipitii kisimani.

Mama Ustawi:

Nafanya kazi ustawi wa jamii, halmashauri siisemi. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009, kifungu cha 95, inampa kila mwanajamii mwenye taarifa kwamba haki za mtoto zinavunjwa wajibu wa kuripoti serikali za mitaa. Kila mwanajamii, kwa hiyo nesi yumo na mfawidhi wako yumo. Haisemi uwe umethibitisha.

Kwa kawaida ungeanza kwa mtendaji wa kijiji, ila kama ukoo umeshaingia kwenye uongozi mruke, njoo moja kwa moja kwa afisa ustawi wa jamii wa wilaya au Dawati la Jinsia na Watoto polisi. Ipo pia 116, simu ya huduma kwa mtoto, ni bure. Kuhusu PF3, ile fomu ya polisi ya majeruhi, itahitajika kwa ajili ya polisi, lakini matibabu ya dharura hayaisubiri, hasa ukija kukutana na kesi ya ubakaji, dawa za kuzuia maambukizi ya VVU zinatakiwa kuanza ndani ya saa 72, mtoto akizungushwa kutafuta fomu muda unakwisha.

Na kitu ambacho watu wa zahanati wanakisahau, RUFAA. Mtoto mdogo aliyeungua miguu yote miwili anastahili kwenda hospitali hata kama ingekuwa ajali tupu. Mpe rufaa kwa sababu ya kidonda, hakuna atakayekubishia, akifika kule kuna madaktari, kuna ustawi, na siyo wewe tena peke yako unayetazamana na bibi.

nesi_kondoa:

Naunga mkono hoja ya rufaa. Huku kwetu tunapambana na lawalawa, mtoto wa kike akiwashwa sehemu za siri au akikojoa kwa maumivu wanasema ana lawalawa dawa yake akeketwe, wakati ni maambukizi ya kawaida yanatibika kwa dawa. Tangu ukeketaji wa wasichana chini ya miaka 18 ulipofanywa kosa mwaka 1998 wengine wamehamia kwa vichanga maana hakisemi, unakiona kidonda kliniki siku ya chanjo. Ukiuliza tu, jioni unatumiwa mzee kuomba "tuyamalize kifamilia", kuna mbuzi katikati. Mimi siku hizi nikitumiwa mzee nasema faili limeshaondoka mezani kwangu. Wanakasirika, wanazoea.

nesi_wa_kijijini:

Asanteni sana. Nimemrudia mfawidhi kwa hoja ya kidonda, sikugusa mengine, kasaini rufaa bila shida. Ustawi nimeshapiga. Sasa bibi anasema hana nauli atampeleka wiki ijayo.

Mama Ustawi:

Hiyo wiki ijayo usiikubali. Mwambie afisa uliyeongea naye kwamba nauli ndo kikwazo, atafute njia, na usimpe bibi karatasi mkononi ukaishia hapo, piga hospitali waambie mtoto fulani anakuja leo, asipofika wakujulishe leo leo na wewe umjulishe afisa. Halafu kwenye taarifa yako umemtaja mtoto mmoja au wawili? Yule binti wa miaka sita naye analala nyumba hiyo hiyo, na bibi kamsikia alichosema. Muweke na yeye.