Nina leseni daraja D, nataka E nihamie kwenye semi. Nianzie wapi?

KijanaWaKenta

Wakuu habari za jioni. Naombeni ushauri, hasa nyinyi mnaopiga safari ndefu.

Naendesha Kenta, lori dogo, hapa Dar, nabeba saruji na nondo kupeleka saiti za Goba, Madale mpaka Bunju. Leseni yangu ina D tangu 2021. Mtoto wa pili yuko njiani, na bosi ana semi mbili, zile za kuvuta tela, zinazokwenda Tunduma mpakani na Zambia. Kaniambia nikileta E ataniangalia.

Sasa kuna jamaa anasema nisihangaike na chuo, nimpe laki tatu na nusu aniwekee E na C kwa mpigo, mimi nifuate leseni tu. Roho inakataa ila mfuko unashawishi, maana kwenda chuo ni kuiacha Kenta, na Kenta ndiyo inayotulisha.

Ninachohitaji ni E au C? Na nikitoka chuo nitaweza kweli kuvuta tela, au naishia kuwa na karatasi? Nawasilisha.

MkongweWaTanzam

Mkuu, hizo daraja watu wengi wanazichanganya. E ni ya magari makubwa ya mizigo, C ni ya abiria, basi la watu 30 na kuendelea. Wewe unataka semi, hiyo C ya nini?

E inadai uwe umekaa na D si chini ya miaka mitatu. Hapo umeshavuka. C nayo inadai miaka mitatu ya C1, ile ya abiria wachache zaidi, au ya E. Kwa hiyo huyo anayekuuzia E na C siku moja anakuuzia kitu ambacho mwenyewe akikaa na kalenda hakiwezekani. Siku yakikukuta, kumbukumbu zinatazamwa, na yeye simu yake haipatikani.

Chukua E sasa. Ukija kuchoka na mizigo ukatamani basi, hiyo E ndiyo itakayokupeleka kwenye C.

Chaliifrancis_wa_Ubungo

Mpe hela yake bana. Nusu ya waliopo barabarani walipita huko huko na wanafika.

MkongweWaTanzam

Wasiofika huwa hawaji humu kuandika, chalii.

MamaSemi

Nimesoma nikaona niseme kama mwenye magari. Ninazo tatu.

Dereva mpya akija kwangu leseni naiangalia, lakini simpi ufunguo hapo hapo. Namwambia zunguka gari unieleze unachoona. Wengi wanapiga teke tairi mbili basi. Nilimpata kijana mmoja aliyeinama kati ya kichwa na tela akanyamaza kama anasali, nikadhani anaigiza. Akaniambia, "Mama, mpira wa upepo huu unavuja." Kweli, ulikuwa unatoa kamlio kembamba, na mimi nilikuwa naupita kila siku. Huyo yuko kwangu mpaka leo.

Hilo la kishoka, huyo dalali wa leseni, mdogo wangu, achana nalo kabisa. Gari ikianguka na dereva hana sifa ya daraja hilo, bima wana sababu ya kukataa kulipa, na mwenye gari anakugeukia wewe umlipe. Bosi wako akijua ilivyopatikana hiyo E yako, hata Kenta atakunyang'anya.

KijanaWaKenta

Asante mama, nimekuelewa. Basi utaratibu wa halali unaanzia wapi?

DerevaMwalimu

Unaanza chuo kinachotambulika. Hapo Dar kuna NIT, Chuo cha Taifa cha Usafirishaji, pale Mabibo, wana kozi ya magari makubwa. VETA, vyuo vya ufundi, nao wanafundisha, Kihonda ya Morogoro wengi wamepita. Ukipata cheti unakwenda kutahiniwa na trafiki, ukifaulu unamalizia TRA, mamlaka ya mapato: TIN (namba ya mlipakodi), alama za vidole, picha, na malipo ya leseni. Kuhusu kuacha kazi, waulize chuo ratiba kabla hujamuaga bosi.

Swali lako la karatasi ni zuri. Chuo kitakupa misingi. Rivasi ya tela inataka muda. Kwenye Kenta ukitaka mkia uende kushoto unakata usukani kushoto. Kwenye tela unaanza kwa kukata kulia, tela likishaingia kushoto unalifuata na kichwa taratibu. Ukichelewa kufuata linajikunja, na hapo dawa ni kwenda mbele unyooke uanze upya. Usione aibu. Aibu ya kuanza upya ndiyo inayobomoa mageti ya watu.

MkongweWaTanzam

Naongezea mlima Kitonga, maana ndiyo njia yako. Kwenda Iringa unapanda, tatizo ni gari kuchemka na foleni. Kurudi unashuka, umebeba shaba ya Zambia, ndiyo mtihani. Gia ya kushukia unaichagua juu, gari ikiwa bado inakusikiliza. Ziache eksozi breki, ile inayozuia gari kwa injini, na gia ndogo zibebe uzito, breki ya mguu unaigusa unaachia. Ukiikalia muda mrefu inapata moto, utasikia harufu kama ya mpira unaoungua, na baada ya hapo unakanyaga hakuna kitu. Chini kule kuna mabaki ya magari ya watu waliotaka kubadili gia katikati ya mteremko.

Mwombe bosi akupandishe utingo safari mbili tatu kabla hata ya chuo. Kaa kiti cha kushoto, angalia mikono ya dereva na mshale wa geji ya upepo wa breki. Mizani ya barabarani utaijua hapo hapo, kuanzia Vigwaza, Mikese na kuendelea. Mzigo ukikaa vibaya ekseli moja inazidi hata kama jumla iko sawa.

Chaliifrancis_wa_Ubungo

Haya, nimekubali yaishe. Na hapo hifadhini Mikumi punguza mwendo, usije ukagonga twiga ukamlipia.

KijanaWaKenta

Wakuu mrejesho. Nimeongea na bosi, Kenta atashika mdogo wake, mimi natoka Alhamisi kama tingo mpaka Tunduma. Chuo nitaanza nikirudi. Jamaa wa laki tatu na nusu nimemblock. Nibebe nini?

MamaSemi

Blanketi zito. Makambako usiku haina huruma na mtu wa Dar.