Naombeni ushauri: Collins na De Valera, nawapimaje kwa haki?

Wakuu habari zenu, naandaa hoja za mdahalo kuhusu uhuru wa Ireland na nimekwama. Moyo wangu uko kwa Michael Collins, kiongozi wa mapambano ya siri dhidi ya Mwingereza, sifichi. De Valera, rais wa wapigania uhuru wakati huo, alibaki zake Dublin akawatuma kina Collins na Griffith London kujadiliana na Lloyd George, waziri mkuu wa Uingereza, wakasaini mkataba wa Ireland kujitawala ndani ya himaya ya Uingereza tarehe 6 Desemba 1921, waliporudi nao yeye akaukataa, kisa kikubwa kiapo cha utii kwa mfalme. Bunge la Ireland likaupitisha kwa kura 64 kwa 57, akatoka nje na wenzake, na katikati ya 1922 watu waliopigana na Mwingereza bega kwa bega wakaanza kuuana wenyewe. Collins akapigwa risasi hukohuko kwao Cork, miaka 31 tu jamani!

Sasa kinachonichanganya, De Valera huyohuyo 1927 aliingia bungeni kwa kusaini kiapo kilekile, akaja kukifuta 1933 akiwa madarakani, na katiba ya 1937 ni mkono wake. Si ndo njia aliyosema Collins, kwamba mkataba ni ngazi ya kufikia uhuru kamili? Ila pia vijana wa Collins ndo waliwaua majasusi wa Uingereza asubuhi ya tarehe 21 Novemba 1920, wengine wakiwa vyumbani mwao wamelala, siwezi kuliruka hilo.

Aliyekufa kijana hakupata hata muda wa kuboronga serikalini. Nyie mngetumia kipimo gani, matokeo au damu iliyomwagika? Wenye kuijua historia hii nisaidieni.