Nina masta ya baiolojia ya molekuli, nataka kuhamia kufundisha sayansi mashuleni. Nianzie wapi?

Nusukipeo: Wakuu, habari zenu. Mkataba wangu wa maabara unaisha Juni na utafiti siutaki tena. Ualimu sijasomea. Nirudi chuo kwanza?

Kipimajoto: Ukitaka ajira ya ualimu, ndiyo, utahitaji stashahada ya uzamili ya elimu, Chuo Kikuu Huria wanaitoa. Ukitaka kuzunguka mashuleni na maonyesho ya sayansi bila kuajiriwa, anza sasa hivi. Tafuta shule inayoandaa mradi wa Young Scientists Tanzania (mashindano ya miradi ya sayansi ya wanafunzi wa sekondari, wapo tangu 2011) ujitolee kuwashauri wanafunzi. Kuwashauri tu, usiwafanyie! Jaji akiuliza "kwa nini sampuli tatu?" mtoto akabaki anakuangalia wewe, mradi umekwisha.

Barua ya kuomba kujitolea ipeleke kwa mkuu wa shule, nakala kwa afisa elimu sekondari wa halmashauri. Novemba usiguse, maabara zimebanwa na mitihani ya taifa.

Bi Chujio: Nakuongezea mkuu: watu wa maabara huangukia kwenye kipindi. Dakika 40, slaidi 40. Beba jambo moja tu, mfano kutoa DNA kwenye kitunguu. Kila kundi la wanafunzi sita: nusu kitunguu kilichokunwa, maji mililita 100, chumvi kijiko kimoja cha chai, sabuni ya maji ya vyombo vijiko viwili. Korogeni taratibu, povu likijaa hamtaona kitu. Baada ya dakika 10 chujeni kwa kitambaa, chukueni mililita 20 za mchuzi, inamisheni glasi na kumimina spiriti baridi ukutani mwake, kiasi kilekile. Kabla ya kumimina waulize sabuni imefanya kazi gani humo. Hapo ndipo somo lilipo. Nyuzi nyeupe za DNA zitakazojitokeza ni zawadi tu.

Nusukipeo: Asante dada. Spiriti ya duka la dawa inafaa?

Bi Chujio: Ya 70% itakuaibisha. Ikikutana na maji ya mchuzi inapungua nguvu, nyuzi zinatoka chache au hazitoki kabisa. Tafuta ya 95%, chupa ifungwe vizuri, izike kwenye deli la barafu saa nzima. Inawaka na ni sumu, kwa hiyo kibiriti mbali na umimine mwenyewe.

Kipimajoto: Na glasi ziwe angavu. Kwenye kikombe cheupe cha plastiki, nyuzi nyeupe nani ataziona?