Tupeane uzoefu: waajiri wa Moshi na Arusha kuzipa shule kazi halisi za kufundishia

Wakuu, habari za leo. Mwajiri anaipa shule kazi anayoihitaji kweli, wanafunzi wanaifanya kama mradi wa somo. Tuweke vipimo, ratiba na yanayokwamisha.

Mwalimu wa hisabati, Moshi:
Anzeni na kalenda. Kahawa ya Kilimanjaro huvunwa zaidi kuanzia Julai, hivyo ushirika unaotaka vichanja (meza za wavu) vya kuanikia kahawa ukae na shule Februari, sio Juni. Kazi wapewe Kidato cha Tatu. Cha Pili na cha Nne wana mitihani ya taifa mwisho wa mwaka.

Mwajiri asilete mchoro uliokamilika, alete mahitaji: upana mita 1, kimo sm 80, skwea paipu (bomba la chuma la mraba) ya inchi 1. Somo limo kwenye kukata. Ukichora mita 2 kwa 1, fremu inakula mita 6 kamili na bomba la mita 6 halifiki, kwa sababu kila mkato wa grainda unakula milimita 2 hadi 3. Urefu ukiwa mita 1.9, fremu ni mita 5.8, bomba moja. Miguu minne na vyuma viwili vya kukatiza ni mita 5.2, bomba la pili. Sentimita 10 zimefanya fremu itoke kwenye bomba moja! Waacheni wanafunzi waligundue wenyewe. Fundi akiwaonea huruma akawakatia, mradi umekufa hapo.

Fundi wa kuchomelea, Arusha:
Mwalimu, nakuunga mkono. Bomba la unene wa mm 1.5 linataka fimbo ya kuchomelea ya mm 2.5, ampea 60 hadi 80. Wakipewa fimbo ya 3.2 kwa moto mkali, linatoboka. Na jamani, mwanga wa kuchomelea huumiza macho! Anayechomelea ana kinga, wanaoumia ni waliomzunguka, na maumivu huja usiku kama mchanga machoni. Wekeni turubai katikati. Wapimaji na wakataji wakae upande wa pili.

Mtu wa ushirika, Moshi Vijijini:
Rangi ikauke mpaka isinuke kabisa, kahawa hushika harufu. Wavu uvutwe sana: ukilegea, kahawa ya maganda (mbegu zilizomenywa tunda, bado zina ganda jembamba) inajaa katikati na kuchelewa kukauka. Wanafunzi warudi kupima unyevu, asilimia 11 hadi 12, ndipo wajue kichanja chao kinafaa.

Mleta mada:
Asanteni sana. Bomba likiharibika analipa nani?

Mwalimu wa hisabati, Moshi:
Mwajiri. Liandikwe kwenye makubaliano: kila vichanja vinne, bomba moja la ziada la kujifunzia, mwalimu asidaiwe.